Daktari akisema "uvimbe", nyumbani tunasikia nini?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Dada yangu ameambiwa ana uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, na atakuwa akipimwa damu kufuatilia. Mama akaangua kilio kwamba mwanawe ana saratani. Mjomba akanivuta pembeni kuuliza kama ni Ukimwi. Je, daktari alikosea maneno?

Jibu: Marahaba. Mpe pole dada. Daktari hakukosea.

Uvimbe umetokana na kuvimba, na ni neno pana sana. Jipu ni uvimbe, kifundo kilichoteguka kina uvimbe, na seli zilizozaliana ovyo zikajikusanya mahali pamoja nazo twaziita uvimbe. Saratani ni aina mojawapo tu, na uvimbe mwingi wa tezi hiyo, pituitari, si saratani. Mama amuulize daktari waziwazi: "Uvimbe huu ni saratani?" Mimi husema uvimbe "kwenye" ubongo badala ya "wa" ubongo, kwa sababu huo wa pili msikilizaji anaweza kudhani ni ubongo wenyewe uliovimba, kama baada ya ajali. Hayo ni maradhi mengine.

Mjomba naye simlaumu. Tangu kampeni za Ukimwi, "kupima" kukiachwa hivi hivi, watu husikia VVU. "Kapime kwanza" kila mtu anajua maana yake. Dawa yake ni kutaja kinachopimwa. Kwa uvimbe wa pituitari mara nyingi ni prolaktini, homoni inayochochea maziwa ya mama. Ikizidi, mwanamke asiyenyonyesha anaweza kuona maziwa yanatoka na hedhi ikakatika. Akipewa dawa na ikamkubali, kiwango hushuka, na damu ndiyo inayotoa habari hiyo. Hapo neno kufuatilia limekaa mahali pake.

Kitenzi kinachoniudhi ni cha vichwa vya habari: "Kipimo cha damu chagundua uvimbe kwenye ubongo." Mgonjwa akisoma hivyo ataidai sindano moja imalize kila kitu. Kwa uvimbe ulio ndani ya ubongo wenyewe, kama glioblastoma, aina ya saratani ya ubongo, damu bado husema machache, maana kati ya damu na ubongo kuna kizuizi cha maumbile, na vipande vya DNA ya uvimbe vinavyofika kwenye mishipa ni haba. Watafiti wanahangaika navyo hadi leo. Kwa hiyo niandike hivi: damu hudokeza, picha ya MRI huonyesha. Kuthibitisha uvimbe huo wa ndani ya ubongo ni wa aina gani, mara nyingi ni mpaka kichukuliwe kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe maabara.

Mjomba mwambie: "Anapimwa prolaktini, homoni ya tezi ile ile yenye uvimbe." Habari ya maziwa aelezwe mama.