Re: Vifaranga weusi kutoka kwa mama wa mistari

Mkuu, umeuliza kwa nini jogoo wako mwekundu wa Rhode Island Red na matetea wa Plymouth Rock wenye mistari wametoa majogoo wa mistari na matetea weusi watupu. Usimshuku jogoo wa jirani, hiyo ndiyo kawaida yake.

Jeni ya mistari inakaa kwenye kromosomu Z, moja ya nyuzi za urithi zinazoamua jinsia ya kuku. Jogoo ana Z mbili, tetea ana Z moja na W. Mama humpa mwanawe wa kiume Z yenye mistari. Binti hupata W, na Z yake inatoka kwa baba asiye na mistari. Weusi wenyewe wameurithi kwa mama, nao unaufunika wekundu wa baba, ndiyo maana mabinti wakikua utaona wekundu kidogo shingoni.

Hapa umepata kitu kizuri sana! Kifaranga akishakauka tu baada ya kutotolewa, mwangalie utosini: mwenye doa jeupe ni jogoo, mwenye kichwa cheusi chote ni tetea. Ila usigeuze wazazi. Jogoo wa mistari mwenye damu safi akipanda matetea wekundu, watoto wote watakuwa na mistari, na doa halitakutenganishia jinsia.