Kalunde mwanangu, kuhusu hiyo kazi ya piano

Mwanangu Kalunde,

Hujambo, mama? Huku Isevya sote wazima, na mvua zimeanza. Barua yako nimeisoma. Unauliza kama kupiga piano kwenye matamasha kunaweza kumlisha mtu, ukiacha kazi yako ya benki. Habari ya fedha ni fupi: wengi wanaishi kwa kufundisha. Malipo ya usiku mmoja yanaliwa na wakala, nauli na hoteli, na miezi ya mazoezi haina anayeilipia. Hilo unalijua. Ambalo sidhani umelipima ni hili: mpiga piano hana piano.

Mwenye fidla anaibeba mgongoni. Wewe utakuta ya mwenye ukumbi. Ile kubwa ya matamasha ina sentimita 274 na uzito wa karibu nusu tani, nani ataizungusha? Najua utanitajia Horowitz, yule mpiga piano maarufu, aliyepeleka yake Moscow mwaka 1986. Sawa. Na Krystian Zimerman naye alisafiri na yake, lakini baada ya Septemba 2001 maofisa wa uwanja wa ndege wa New York waliitilia shaka harufu ya gundi yake, wakaiharibu piano. Basi hata aliye nayo hana.

Kwa hiyo kazi yenyewe iko kwenye ile saa moja au mbili kabla watu hawajaingia. Rekebisha kiti kwanza, viwiko viwe usawa wa vitufe. Halafu pita vitufe vyote 88, kimoja kimoja, kwa sauti ndogo kabisa. Ukibonyeza kwa nguvu vyote vitaitika. Ni kwa upole ndipo kibovu kinapojitaja. Rudia noti moja harakaharaka, usikie kama nyundo ya ndani inayogonga nyuzi inawahi kurudi. Pedali nayo, ile ya mguu inayorefusha sauti, ijue inaanza kushika wapi na kama inapiga kelele. Na usidanganywe na mvumo wa ukumbi mtupu: watu wakijaa, miili na nguo zao zinanyonya sauti, na pedali uliyoikwepa mchana utaihitaji usiku.

Unaikumbuka piano ya kanisani, ile iliyosimamishwa ukutani chini ya paa linalovuja? Mvua za Tabora unazijua. Mbao zinakunywa unyevu, vitambaa vya sufu kwenye matundu ya vitufe vinavimba, kitufe kikishuka hakipandi. Dawa yake ni koleo, unabana sufu kidogo tu. Ukizidisha, kitufe kinalegea na kugongagonga mpaka ubadilishe kitambaa. Niliwaeleza wazee mapema. Wakasema tusubiri. Krismasi ikafika, nawe ukakaa kupiga Sonata ya Mozart ya Do kubwa, ile ya nambari K. 545 kwenye orodha ya kazi zake. Kipimo cha tatu kinaanza na noti ya juu iitwayo la. Ikashuka, ikabaki hukohuko. Na kipimo cha tano ngazi inapanda mpaka la ileile! Katikati yake mkono wa kulia una pumziko moja dogo, mwishoni mwa kipimo cha nne. Ukapenyeza ukucha, ukainyanyua, ukaendelea kama hakuna kilichotokea. Mama yako alinifinya goti. Baadaye mzee mmoja akaniambia, “Si inalia vizuri, mlikuwa mnalalamika nini?” Kauli ile hainitoki.

Lakini kunyanyua kitufe si kuwa na kazi, najua. Dang Thai Son, mpiga piano wa Vietnam, alijifunza kijijini wakati Hanoi ikipigwa mabomu, na mwaka 1980 akashinda shindano la Chopin kule Warsaw. Ila mama yake alikuwa mwalimu wa piano, na yeye mwenyewe alianza akiwa mtoto. Tena kuna Leon Fleisher, mpiga piano wa Marekani: miaka ya 1960 vidole vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja vyenyewe, akabaki miaka mingi akifundisha, akiongoza okestra na kupiga kazi za mkono wa kushoto. Benki haimgomei mtu hivyo. Haya, lakini Fleisher hakuacha muziki, sivyo? Unaona ninavyojipinga mwenyewe.

Mama yako amenikataza kukuamulia, nami nimekubali shingo upande. Neno ninalo.

Huo ukumbi uliokualika mwezi Machi, waulize piano yao inatyuniwa lini, yaani nyuzi zake zinarekebishwa sauti lini, na kama kiyoyozi kinazimwa usiku. Kikiwashwa na kuzimwa kila siku, unyevu unapanda na kushuka, na tyuni haikai. Wasipokuwa na jibu, omba mtu wa kutyuni aje siku hiyohiyo, na iandikwe kwenye mkataba.

Baba yako