Manusura wa tetemeko milimani: tuchange nguo au fedha?

Ndugu, umeuliza kama kikundi chenu kikusanye nguo au fedha kwa manusura wa tetemeko vijijini milimani. Changeni fedha, na msizimalize zote mwezi wa kwanza. Maporomoko huziba barabara za huko, na marobota ya nguo hugombea njia na dawa na maturubai. Soko la jirani likiwa bado linauza, mwenyeji atanunua mwenyewe anachohitaji.

Kazi ngumu huja kamera zikishaondoka. Nchini Nepal, baada ya tetemeko la Aprili 25, 2015, serikali ilitoa rupia 300,000 kwa kila kaya iliyostahili, kwa awamu, na awamu zilizofuata ile ya kwanza zilitolewa baada ya ujenzi kukaguliwa. Familia nyingi zilipitisha zaidi ya msimu mmoja wa baridi kwenye vibanda vya mabati. Wasio na hati za ardhi walihangaika zaidi, na hilo linaniuma sana. Basi tafuteni shirika linalofundisha mafundi wa kijijini kufunga kuta za mawe kwa mikanda imara ya mbao au zege inayozunguka nyumba, na linalowasaidia wajane kufuatilia hati. Waulizeni pia kama bado watakuwepo huko baada ya miaka mitatu.