Ufunguo wa seva ni amana, na maswali mengine mlonitumia

Haya jamani, tangu nliposema mimi ni mmoja wa wale wanaoangalia seva (zile kompyuta zinazowaka saa zote kuhudumia watu mtandaoni) za mradi wa opensosi, yaani programu zilizo wazi kwa yeyote kuzisoma na kuzirekebisha, bure, bila mshahara, maswali yamekuja kama mvua ya masika. Nayajibu yale yaliyorudiwa sana. Nina kahawa tungu yangu hapa, basi twende.

"Nimemaliza diploma ya IT, nataka kujitolea. Niliwaandikia watu wa mradi mmoja wakanikaribisha vizuri lakini mwezi wa pili huu pasiwadi ya seva hawajanipa. Wanidharau?" (Kisauni)

Hapana kaka, hawakudharau. Hebu fikiria una duka lako la viungo Markiti, kijana humjui akaja asubuhi akakwambia nataka kukusaidia bure, utampa funguo za duka siku hio hio? Si utampa ufagio kwanza, umuone anavyopima bizari, anavyoongea na wateja, na ikiwa pesa imeanguka chini aiokota akakupa au aitia mfukoni.

Na hawa watu wana sababu ya kuogopa. Kuna kijiprogramu kinaitwa xz, kazi yake ni kubana mafaili tu, na kimo karibu kwenye aina zote za Linux, ule mfumo unaoendesha seva nyingi. Aliyekua akikitunza alikua peke yake na amechoka, akatokea mtu anajiita Jia Tan akaanza kusaidia, mpole, mchapakazi, kama miaka miwili hivi, mpaka akaaminiwa akapewa ruhusa ya kutoa matoleo. Mwanzo wa 2024 akatoa matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1, ndani yake ameficha mlango wa nyuma wa kuingilia seva za watu. Aliyegundua ni mhandisi mmoja wa programu, Andres Freund, na wala hakua akitafuta mwizi, aliona tu kuingia kwa SSH, njia ya kuifikia seva ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde akaona hii si kawaida, akafukua. Nusu sekunde! Wengi wetu tungesema ni mtandao tu tukaenda kula.

Sasa wewe usikae kusubiri pasiwadi. Miradi mingi imeweka maagizo ya kupanga seva zake hadharani, OpenStreetMap (ile ramani ya dunia) na Fedora (aina moja ya Linux) kwa mfano, unaweza kuyasoma yote bila kuomba ruhusa ya mtu. Chukua ukurasa wa maelezo ya usakinishaji, ufate hatua kwa hatua kwenye laptopu yako, pale unapokwama ndipo penye kazi yako, pasahihishe uwatumie. Mimi nilifanya hivo miezi mitatu mizima kabla sijapewa ufunguo wa seva moja, tena ile ya majaribio.

"Naweza kuweka seva ya mradi nyumbani? Nina kompyuta ndogo haifanyi kazi yoyote." (Tudor)

Ya kujifunzia weka, hata leo. Ya watu kutegemea, usithubutu. Mimi yangu niliiweka juu ya kabati karibu na dirisha ili ipate upepo, nikajiona mjanja. Upepo wenyewe si ndio ule wa bahari, una chumvi. Mwaka haujaisha nafungua kifuniko naona skrubu zimeshika kutu, feni yalia kama kinu kibovu, na ndani, pembeni ya pawa, mjusi amekauka kama achari ya embe. Maskini alifata joto. Na hapo sijasema stima, mwezi wa nane 2023 zilipotea karibu nchi nzima, UPS yangu, ile betri ya akiba, ilinipa dakika ishirini za heshima basi, ikalala.

Halafu kuna jambo watu hawalijui, intaneti nyingi za nyumbani hazikupi anwani yako mwenyewe ya mtandao, mwatumia moja na majirani kibao, kwa hivyo mtu wa nje hawezi kukufikia moja kwa moja. Mradi ukitaka seva ya kweli huomba nafasi kwenye chuo kikuu au kampuni iliyo na chumba cha kompyuta chenye baridi na jenereta, na wapo wanaotoa bure, waombwe tu kwa adabu.

"Seva ziko Ulaya na zinafanya kazi, kwa nini mnasumbuka kuweka mira hapa Kenya?" (Likoni)

Swali zuri. Mira ni nakala ya mafaili ya mradi iliyowekwa karibu na watumiaji. Nyie wa Likoni mnajua feri ikiharibika hali inavyokua, basi nyaya za chini ya bahari ni hivo hivo. SEACOM, TEAMS na EASSy zote zinatua hapa hapa Mombasa, twapita juu yake twaenda kuogelea, lakini Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa kusini, na mwanzo wa mwaka huo huo zilikua zimekatika nyingine Bahari ya Shamu, mtandao hapa ulienda kwa kutambaa. Mwenye kupakua kutoka mira iliyo nchini hakuhisi sana, manake njia yake haivuki bahari. Hata siku ya kawaida, kugonga seva ya Ulaya na kurudi ni kama milisekunde mia na hamsini, ya Nairobi ni chache mno.

"Bekapu mnafanya mara ngapi?" (hakusema yuko wapi)

Nakala ya akiba ya data twaitoa kila usiku, lakini umeuliza swali la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni: mara ya mwisho kuirudisha ilikua lini? Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watu kazi zao za programu mtandaoni, usiku na uchovu, alifuta data kwenye seva siyo, alidhani yuko kwenye ile nyingine. Gigabaiti mia tatu hivi. Wakakimbilia bekapu, walikua na njia tano na hakuna hata moja iliyowafaa, nyingine ilikua ikifeli kimya kimya siku nyingi. Kilichowaokoa ni nakala ya masaa sita nyuma ambayo mtu aliitoa kwa mkono kwa ajili ya majaribio yake, bahati nasibu kabisa. Sisi kila mwezi mmoja wetu anachukua bekapu anaisimamisha kwenye seva tupu, akishindwa twajua mapema. Nshawahi kushindwa mimi, faili lilikua na baiti sifuri na jina zuri la tarehe.

"Mwalipwa?"

La.

"Mwanangu hukesha na kompyuta, skrini nyeusi maandishi meupe, asema anajitolea kwenye seva za wazungu. Huu si ule utapeli wa mitandaoni?" (Mama, Bamburi)

Shikamoo mama. Una haki ya kuuliza, siku hizi vijana wanachukuliwa na mengi. Mwambie akuonyeshe yale anayoyaandika huko. Miradi hii kazi yake karibu yote iko wazi, nani kabadilisha nini, saa ngapi, kwa sababu gani, na jina lake lipo pale. Tapeli haandiki daftari la hivo. Na kukesha si lazima kila siku, saa nne asubuhi kwetu New York ni usiku wa manane, wenziwe wamelala, wao ndio wanamtaka zaidi yule aliye macho mchana wa huku. Aombe zamu ya asubuhi, mtu mwenye usingizi ndiye hufuta seva siyo.

Ila kwa vile mshahara hakuna na kompyuta haizimwi, tokeni za stima achangie.