Tule Wapi Lushoto?

Swali: Mhariri, mimi na mume wangu tutakwenda Lushoto mwezi wa Agosti. Je, tunaweza kula wapi mbali na hotelini? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Ndugu msomaji, ninapendekeza kwanza Shamba la Irente, kilomita 5 hivi kutoka mjini, ambako mlo wa mchana huwa ni mkate, jibini, jamu na mboga zinazotoka papo hapo shambani. Agizeni mapema, na mkisha kula mtembee hadi ukingoni mwa mlima, mahali ambapo kijiji cha Mazinde na nyika yake huonekana chini kabisa. Mkitamani wali wa moto kwa bei nafuu, nendeni kwa mama lishe wa sokoni, ambao maharage yao, kwa maoni yangu, huzishinda hoteli nyingi. Usiku chukueni masweta, kwani Agosti Usambara huwa na baridi kali.