Busu la Sura ya 12 Halimalizi Jinamizi

SWALI: Naandika riwaya ya mapenzi. Adhiambo, mwalimu wa Nakuru, alinusurika ajali ya matatu pale Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Sura ya 12 anambusu Barasa, na tangu usiku huo haoti jinamizi tena. Waliosoma wanasema hawaamini. Nirekebishe nini? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Wasomaji wako wana haki. Barasa anaweza kumpa Adhiambo mahali pa kutulia, lakini hofu yake haikuzaliwa na ukosefu wa mapenzi, kwa hiyo haitaondoka kwa kuyapata.

Hesabu kwanza muda tangu ajali. Mshtuko wa wiki za mwanzo ni wa kawaida na wengi hupona. Wataalamu huita ugonjwa wa kiwewe pale dalili zinapozidi mwezi 1 na kuvuruga maisha. Dalili zenyewe si ndoto tu. Akienda kwao, Adhiambo huzungukia Njoro na Molo ili asipite Salgaa. Yuko sokoni, harufu ya breki zilizoungua inamfikia, na papo hapo yumo tena kwenye kiti kile, jasho likimtiririka. Tena moyo hufa ganzi. Hii waandishi wa mapenzi huiruka, ilhali ndiyo inayoyagusa mapenzi yenyewe: Barasa analeta habari njema, Adhiambo hasikii furaha yoyote, na Barasa anadhani hapendwi. Hapo una mgogoro wa sura tatu, bila kuhitaji mwanamke wa pili.

Kukwepa humpa nafuu ya siku hiyo lakini huilisha hofu, maana ubongo haupati nafasi ya kujifunza kwamba barabara hupitika. Ndiyo sababu mshauri nasaha hupanga ngazi. Adhiambo anakipa kila kitendo alama za hofu, 0 hadi 100, na wanaanzia karibu na 40: kukaa ndani ya matatu iliyosimama stejini. Anabaki mpaka hofu ishuke, anarudia siku zinazofuata, kisha anasafiri hadi Section 58, mtaa wa hapo Nakuru, kisha Njoro. Salgaa ni mwisho, mchana. Akishuka hofu ikiwa juu kabisa, safari ijayo itakuwa ngumu zaidi. Tiba hii huchukua takriban vikao 8 hadi 15, kila kimoja dakika 60 hadi 90, basi ipe hadithi yako miezi.

Barasa naye akosee. Ampitishe Salgaa bila kumwambia, akidhani anamzoesha. Ngazi hufanya kazi kwa sababu Adhiambo ndiye anayechagua kupanda. Akishtukizwa, anapoteza pia imani kwa aliyeendesha. Wala asimshurutishe kusimulia ajali yote usiku mmoja. Kulazimishwa kusimulia hakuponyi, na huweza kuumiza.

Mwisho wa furaha unaruhusiwa, na katika riwaya za mapenzi unatarajiwa. Apite Salgaa amekishika kiti cha mbele, viganja vimelowa. Jinamizi limrudie mara moja kabla ya ukurasa wa mwisho, naye awashe taa, ataje vitu vitano anavyoviona chumbani, kisha alale tena.