Maswali ya marubani wanafunzi: kona ya kuingia fainali

Swali: Kwenye beizi, kipande cha safari kabla ya kona ya kuingia fainali (mstari wa mwisho ulionyooka wa kutua), upepo ulinisukuma nikapitiliza mstari wa njia ya kutulia. Nikakandamiza pedali ya kushoto ili pua irudi, mkufunzi akanifokea. Kosa liko wapi?

Jibu: Hivyo ndivyo ajali hii hutengenezwa, na imewaua hata wazoefu. Pedali huzungusha pua, bawa la nje linaenda kasi na kuinuka, ndege inataka kulala (kuinamia upande) zaidi. Unaizuia kwa kukata usukani kulia. Pua inashuka, unavuta usukani. Sasa bawa la ndani, lenye mwendo mdogo na eleroni (kibao cha ukingo wa nyuma wa bawa) iliyoshuka, linastoli kwanza: halina tena nguvu ya kubeba ndege, nayo inapinduka upande huohuo bila kuaga.

Tazama kigololi kwenye kipimo cha kona. Unakata kushoto na chenyewe kimekimbilia kulia? Pedali ya kushoto imezidi. Na ukishapitiliza, nyoosha mabawa, weka nguvu kamili, paa, zunguka upya. Mnara wa kuongozea ndege hautakununia.

Swali: Je, kutozidisha nyuzi 30 za kulala ni sheria?

Jibu: Ni desturi ya wakufunzi, na nzuri. Ndege inayostoli kwa noti 50 (maili za baharini kwa saa) ikiwa imenyooka, ikilala nyuzi 30 bila kupoteza kimo itastoli kwenye noti 54 hivi. Nyuzi 45, karibu 60. Nyuzi 60, takriban 71! Lakini usiogope kulala hadi ukaanza kukata kona kwa pedali. Mimi naona woga huo ni mbaya kuliko nyuzi tano za ziada.

Swali: Nikijua kujitoa kwenye spini (kuanguka kwa kuzunguka baada ya kustoli), si nitaokoka?

Jibu: Juu sana, ndiyo: punguza nguvu yote, eleroni katikati, pedali yote kinyume na mzunguko, kisha sukuma usukani mbele. Cessna 172 inaweza kula kama futi 1,000 kwa mzunguko mmoja na kujitoa. Kwenye kona hii una futi 500 hivi.

Swali: Wilson, Nairobi, naona ardhi inakimbia kuliko nilivyozoea Mombasa. Nipunguze mwendo?

Jibu: Usithubutu. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Kipimo cha mwendo kikisoma noti 65, mwendo wako halisi angani unapita 70. Bawa linastoli kwa mwendo uleule wa kwenye kipimo, kwa hiyo fuata kipimo. Kona nayo inahitaji nafasi kubwa zaidi, basi panua saketi (mzunguko wa kuja kutua) kidogo na anza kukata mapema.